Kikundi cha familia: Zuhura yuko ziwani

IJUMAA JIONI

Zuhura: Shikamooni wote. Tumefika salama. Huku nyumbani hakuna mtandao hata chembe, hapa nimepanda kilima na Nuru, nusu saa kwa miguu. Idi amebaki na mdogo. Nitapanda kila jioni saa kumi na moja niwaandikie.

Mama: Marahaba mwanangu. Nilikuwa nimekaa na simu mkononi tangu mchana.

Mjomba: Marahaba. Tuandikie hapa hapa siku mtakayotoka, saa, na njia. Mkichelewa tujue pa kuanzia kuwatafuta.

Zuhura: Jumanne saa nne asubuhi, njia ile ile tuliyojia. Saa nane tuwe barabara kuu, mtandao upo pale.

Mjomba: Nimeandika kwenye daftari. Jumanne ikifika saa kumi na mbili jioni hujasema kitu, nawapigia waokoaji. Sisubiri kukuche.

Baraka: Dada, picha!

Zuhura: Hazipandi mdogo wangu, mtandao ni mwembamba. Nyumba ni ya magogo, chumba kimoja na dari ya kulala watoto. Ukifungua mlango, hatua ishirini umefika kwenye gati. Hakuna umeme, tuna taa ya betri na jiko la kuni la chuma. Maji tunachota ziwani. Jioni hii yametulia mpaka milima ya ng'ambo unaiona mara mbili.

Mama: Maji ya ziwani ndiyo mnakunywa?

Zuhura: Tunachemsha, mama.

Shangazi: Yakianza kutokota yaache dakika 1 nzima. Mkiwa juu ya mita 2,000, dakika 3, maana huko maji huchemka kabla hayajapata joto la kutosha. Hata yawe meupe kiasi gani, vijidudu vya kuharisha havionekani kwa macho. Na vyombo usivioshee ziwani, beba maji upande juu, mita 60 hivi kutoka ufukweni. Choo pia.

Zuhura: Choo kiko mbali nyuma, shangazi. Usiku Nuru anakiogopa, tunamsindikiza wawili.

JUMAMOSI JIONI

Zuhura: Shikamooni. Jana usiku Nuru alituamsha, anasema kuna watu dirishani. Na kweli, hata mimi nilisikia mwanamume akizungumza na mtu akikohoa. Idi akatoka na taa, hakuna mtu. Asubuhi ndipo tukaona moshi ng'ambo ya ziwa, mbali kabisa. Ni majirani!

Baraka: Usiku usio na upepo, hewa iliyogusa maji huwa baridi, ya juu yake ina joto. Sauti ikipanda hadi kwenye hewa ya joto inapinda, inarudi chini. Badala ya kupotelea angani inateleza juu ya maji mpaka kwenu. Mwambie Nuru watu hao nao wanamsikia yeye.

Zuhura: Nimemsomea. Anasema leo atawaambia usiku mwema.

Mama: Wajukuu wangu wanakula?

Zuhura: Leo kidogo tu, mama. Tuliamka sote vichwa vinauma, Nuru akatapika. Tulipokwenda kukaa kwenye gati tukapona kabisa. Nafikiri ni uchovu wa njia.

Shangazi: Zuhura. Bado uko hapo?

Zuhura: Nipo shangazi.

Shangazi: Usiku jiko lilikuwa linawaka na madirisha yamefungwa?

Zuhura: Ndiyo, kulikuwa na baridi kali.

Shangazi: Huo si uchovu. Watu wanne hawaumwi kichwa asubuhi moja wakapona kwa kutoka nje tu. Ni hewa ya sumu ya jiko, kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi. Inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Sasa hivi jiko linawaka?

Zuhura: Idi alisema ataliwasha jua likishuka, mtoto asipate baridi.

Shangazi: Shuka sasa hivi! Mtoto mchanga huathirika upesi kuliko nyinyi. Watoe nje kwanza, ndipo ufungue milango. Ukimkuta yeyote amelegea au amechanganyikiwa, ingieni garini mwende hospitali usiku huu huu.

Mjomba: Shuka, lakini angalia miguu yako, una mtoto mkononi. Na usipande tena gizani kutuletea habari. Tutasubiri asubuhi.

Mama: Ee Mungu wangu. Zuhura?

Baraka: Ameshaondoka, mama.

JUMAPILI ASUBUHI

Mama: Kumekucha. Kuna aliyesikia kitu?

Shangazi: Bado, wifi. Hata mimi sikulala.

Zuhura: Tuko wazima, sote. Nisameheni, nimepanda mara tu kulipopambazuka.

Zuhura: Nilimkuta Idi kwenye gati, mtoto amelala kifuani pake. Kuni alikuwa ameshazipanga ndani ya jiko. Hakuziwasha kwa sababu hakutaka kumwamsha mtoto. Mama, nilikaa chini nikalia.

Mama: Mungu ni mwema. Mungu ni mwema sana.

Zuhura: Tumelala madirisha wazi, bila moto, sote wanne kitanda kimoja na makoti yetu. Asubuhi hakuna mwenye maumivu. Idi amepanda juu ya paa, amekuta wavu wa mdomo wa dohani umezibwa na masizi na vijiti vya kiota.

Mjomba: Avitoe, ila jiko msiliwashe tena. Huenda kuna kiota kingine katikati ya bomba. Pikeni nje, na hilo jiko la nje lisiingizwe ndani hata mvua ikinyesha. Mwenye nyumba aambiwe leo, kabla hajaingia mgeni mwingine.

Zuhura: Nimeshamwandikia. Anasema atamleta fundi, na ataweka kengele ya kugundua hewa hiyo.

Baraka: Nami nakununulia ya betri, uibebe popote mtakapolala.

Zuhura: Asante mdogo wangu. Mjomba, Idi anauliza kama twaweza kutoka na mtumbwi.

Mjomba: Asubuhi, maji yakiwa yamelala. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko ziwa, upepo unaamka, mawimbi yanakuja nao. Fuateni ufukwe, msikate katikati. Jaketi okozi zifungwe mwilini kabla ya kupanda. Maji baridi humkata pumzi hata anayejua kuogelea.

JUMANNE

Zuhura: Tuko barabara kuu. Saa saba na dakika arobaini. Wote wazima, Nuru amelala amekumbatia kasia dogo alilochongewa na baba yake. Jana usiku walimjibu kutoka ng'ambo, shangazi. Walisema usiku mwema.

Mama: Njooni moja kwa moja kwangu.

Mjomba: Nimefuta ile saa kwenye daftari.