Duke msimu ujao wa 2025-26 (mjadala wa Mei 2025): nani anaanza pale kati baada ya Maluach kuondoka?

Mtoto wa Chumbageni
Wakuu salaam. Najua wengi humu mnafuata NBA tu, ila mimi niko huku North Carolina mwaka wa tisa sasa na huku mpira wa kikapu wa vyuo ndo Simba na Yanga yao, hukwepi. Chuo cha Duke wamemaliza msimu na ushindi 35 na vipigo 4, wakafika nusu fainali pale San Antonio, wakatolewa na Houston 70-67. Sasa wale watano wa kuanza wanaondoka wote. Cooper Flagg, Kon Knueppel, Khaman Maluach, Tyrese Proctor, Sion James. Wote! James kamaliza miaka yake ya chuo, wengine wameingia drafti, pale timu za NBA zinapochagua vijana wapya.

Waliobaki ni Caleb Foster, Isaiah Evans, Maliq Brown, Patrick Ngongba na Darren Harris. Wanaoingia ni mapacha wa Boozer, Cameron na Cayden (baba yao Carlos alichukua ubingwa hapohapo Duke 2001), Nik Khamenia wa Los Angeles, na juzi tu kasema anakuja Dame Sarr, yule Mtaliano aliyekuwa Barcelona. Kuna na Cedric Coward wa Washington State, huyu kakubali kuja ila jina lake bado liko kwenye drafti na mwisho wa kujitoa ni Mei 28.

Kikosi changu: Cayden Boozer, Evans, Coward (asipokuja basi Sarr), Cameron Boozer, na kati Ngongba. Hapo kati ndo naomba tujadili. Tunataka mtu wa kushika ribaundi, ile mipira iliyokosa ringi, maana ile mechi ya Houston Maluach kacheza kama dakika 20 hajashika hata moja. Hata moja jamani, na ana futi saba na inchi mbili! Urefu bila mikono ni Hasheem Thabeet mwingine, yule Mtanzania mwenzetu aliyefika NBA, na huo mchezo tushauona.

Upanga Don Bosco
Umeandika vizuri mpaka mstari wa mwisho ukaharibu. "Thabeet mwingine" ndo nini? Na wewe ni Mtanzania. Hasheem pale UConn, chuo cha Connecticut, msimu wa 2008-09 alikuwa na pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi, timu ikafika Final Four, yaani nusu fainali, na tuzo ya mchezaji bora wa Big East, ligi yao ya vyuo, akagawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Huyo ndo hana mikono? Ribaundi kumi kila mechi alikuwa anashikia nini?

Mrongai
Huyo Blair unamtaja ndiye alimbeba Thabeet begani akamtupa chini kama gunia la viazi, Februari 2009, mbele ya mashabiki wa UConn wenyewe, na Blair hata futi saba hafiki. Halafu drafti ya NBA Memphis wakamchukua wa pili, Harden akafuata wa tatu, Curry wa saba. Msimu haujaisha washampeleka ligi ya chini. Hiyo si chuki bana, iko kwenye rekodi.

Upanga Don Bosco
Na kwenye rekodi iko pia kwamba Memphis walikuwa na Marc Gasol hapo kati. Mtoto kaanza kushika mpira ana miaka 15, unamleta kwenye timu yenye senta tayari, dakika hapati, halafu unamhukumu. Mrongai, Kenya mmetoa nani aliyechaguliwa wa pili? Tusubiri jibu.

Mrongai
Hatujatoa, na hatujawahi kudai tumetoa. Mimi nimeongelea mchezaji wewe umeleta nchi.

Mama Yusra
Jamani swali lilikuwa la Duke. Nimecheza hii namba miaka sita, timu ya wanawake ya mkoa, kwa hiyo nisikilizeni kidogo. Ngongba ni mzuri, anapasia vizuri akiwa juu ya boksi, ila aliingia Duke na matatizo ya mguu na hatujamwona akicheza dakika 25 mfululizo wiki baada ya wiki. Maliq Brown ni mfupi, futi sita na inchi tisa, lakini ndo anayekaba kila mtu, anabadilishana na gadi bila shida, mikono yake iko kwenye kila pasi. Tatizo lake bega, Machi liliteguka. Mimi ningemwanzisha Ngongba na dakika za mwisho za mechi nawapa Brown na Cameron Boozer pamoja. Cameron ana mwili wa mtu mzima, huyo atashika ribaundi hata ukimweka na nani. Na pointi gadi naanza na Foster, simwanzishi mtoto wa mwaka wa kwanza kisa pacha wake yupo.

Kawempe Juu
Mimi nimekwama kwa hiyo habari ya Maluach kutoshika ribaundi. Mechi moja! Msimu mzima kawa na ribaundi 6.6 na pointi 8.6 kwa dakika kama 21, na mipira anayorusha saba katika kila kumi inaingia. Houston walichukua ribaundi 18 za ushambuliaji usiku ule, hizo zote ni za Khaman peke yake? Flagg alikuwa wapi, Knueppel alikuwa wapi? Huyu mtoto kakulia huku kwetu Kampala, Kawempe, mpira kaanza majuzi tu akiwa na miaka kama 13, 2024 kacheza BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, na City Oilers wetu, miezi michache baadaye yuko Olimpiki Paris na miaka 17. Mpeni heshima yake.

Binti Bor
Kaka Kawempe asante kwa kumtetea ila usimchukue mazima. Khaman ni wa Rumbek. Uganda walimlea na tunawashukuru, mimi mwenyewe nimelelewa Kakuma, kambi ya wakimbizi kule Kenya, ndo maana Kiswahili changu kiko hivi, lakini sijawa Mkenya. Jezi aliyovaa Paris imeandikwa South Sudan.

Kawempe Juu
Dada sijasema ni Mganda, nimesema kakulia Kawempe. Soma tena.

Binti Bor
Umeandika "kwetu" na "wetu" kwenye sentensi moja, nimesoma.

Na kuhusu hiyo mechi ya Houston mnayoihesabia ribaundi, mnakumbuka ilikuwa tarehe ngapi? Aprili 5. Siku hiyohiyo Marco Rubio, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alitangaza Marekani inafuta viza za watu wote wenye pasipoti ya Sudan Kusini. Wote. Mtoto wa miaka 18 anaingia uwanjani usiku huo na hajui kama chuo atamaliza, kama drafti ataikuta. Chuo ikabidi kitoe taarifa kwamba wanalifuatilia. Halafu watu mnauliza mikono yake ilikuwa wapi.

Mtoto wa Chumbageni
Binti Bor hapa umenigusa na nitajibu bila kuzunguka. Niliiangalia ile mechi kazini, zamu ya usiku, pale tunapolia chakula kuna tivii moja ukutani. Tulikuwa kama watu kumi na wawili. Duke wakiongoza kwa sita imebaki nusu dakika hivi watu washaanza kunyanyuka kurudi kwenye mizigo, halafu yakaanza, Houston wakapiga pointi tatu, Duke wakapoteza mpira, Proctor akakosa mtupo huru, Flagg akaitiwa faulo kwenye ribaundi, J'Wan Roberts akaenda kwenye mstari akaingiza yote mawili. Chumba kizima kimya. Kuna mwenzetu wa Sudan Kusini tunapakia naye mlango mmoja, yeye hakuwa anaangalia tivii kabisa, alikuwa kainamia simu, chakula chake hajakigusa, bakuli limefunguliwa na kijiko kimelala juu ya mfuniko. Nikadhani kaumia kwa sababu ya Duke, nikamwambia pole, msimu ujao. Akanionesha simu tu.

Kwa hiyo ile ya "hata moja jamani" naifuta. Nilikosea kuisema vile.

Upanga Don Bosco
Na ya Thabeet unaifuta lini?

Mtoto wa Chumbageni
Ya Thabeet siifuti kaka. Nilimpenda, nilikuwa naamka usiku kumtafuta kwenye matokeo, na aliniumiza. Wa pili duniani kwenye drafti halafu ndani ya miaka mitano hayupo tena ligini. Kama hainiumi mimi imuume nani, Mmarekani?

Upanga Don Bosco
Sasa hapo tunaongea. Ila ngoja nikwambie nilichokiona mimi. Enzi hizo pale Don Bosco mpira mmoja mnachezea watu thelathini, ule wa rangi ya chungwa ushakuwa mweusi na umekwisha vipele, unateleza kama sabuni, ringi moja imeinama mbele kwa sababu ya watu kuning'inia. Senta wetu wa shule alikuwa na futi sita kasoro. Mtu mrefu akija hakuna wa kumfundisha kukaa na mgongo, kumzuia mtu kwa nyonga, kwa sababu hakuna mrefu mwingine wa kufanya naye zoezi. Hiyo kazi mtoto wa Marekani anaifanya tangu ana miaka kumi, ndo maana Blair mfupi alimbeba Hasheem. Hasheem alikwenda kujifunza ukubwani mbele ya kamera. Maluach angalau kapitia ile akademi ya NBA kule Senegal, kapata warefu wenzake. Tofauti ni hiyo, si mikono.

Mrongai
Hii hoja ndiyo ungeanza nayo kabla ya kuniuliza Kenya imetoa nani. Nakubaliana na wewe, na naongeza, Luol Deng alikaa Duke mwaka mmoja tu, 2003-04, wakafika Final Four, akachaguliwa wa saba, akacheza miaka mingi. Yeye alikulia London akiwa mdogo kisha akasoma sekondari Marekani. Mwalimu alimpata mapema. Baadaye akawa rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini, na 2024 pale London walibakiza pointi moja kuwapiga Marekani ya LeBron, 101-100.

Binti Bor
Ile mechi nililia mpaka jirani akagonga mlango.

Baba Naima
Mmesahau pesa. Mchezaji mzawa tangu 2021 anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, na ile kesi ya House, ya wachezaji dhidi ya wasimamizi wa michezo ya vyuo, jaji akiipitisha vyuo vitawalipa wenyewe moja kwa moja, wanataja kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka. Sasa aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi sheria zinambana, kazi nje ya chuo haruhusiwi bila kibali, kwa hiyo jezi zinauzwa, tangazo anafanya mwenzake waliyekaa naye benchi moja, yeye anaangalia. Nina mpwa wangu yuko chuo kimoja huku, si cha jina kubwa, anacheza, mwanasheria kamwambia hata picha ya mgahawa asipige. Na Sarr huyu Mtaliano atakuja na viza hiyohiyo. Mnapanga vikosi bila kuangalia mtu anakula nini.

Mama Yusra
Baba Naima, chuoni wanakula bure, tusizidishe. Ila kuhusu haki uko sawa.

Baba Naima
Dada sijaongelea sahani ya chakula. Mama yake mtoto yuko nyumbani anasubiri.

Mama Yusra
Sawa, nimekuelewa vibaya, yaishe.

Narudi kwa Sarr. Alitoka Barcelona msimu haujaisha akaenda kucheza Hoop Summit, mechi ya maonesho ya vijana kule Marekani, na klabu ilikuwa haitaki. Mtoto mwenye roho hiyo hakai benchi. Coward aje asije, Sarr ataanza. Na Evans nani atamtoa? Desemba dhidi ya Auburn alipiga mipira sita ya pointi tatu kipindi cha kwanza pale Cameron Indoor, uwanja wa Duke, ule mdogo wa watu elfu tisa na kitu ulikaribia kufunuka paa.

Kawempe Juu
Evans sawa. Lakini timu ya watoto haibebi kombe siku hizi. Florida wamechukua mwaka huu na wakubwa, Walter Clayton alikuwa mwaka wa mwisho.

Mtoto wa Chumbageni
Duke walichukua 2015 na watoto, Okafor, Winslow, Tyus Jones. Ila kweli, toka hapo miaka kumi sasa hawajagusa tena. Na Flagg huyu anayetajwa wa kwanza kabisa kwenye drafti kafika nusu fainali tu.

Mrongai
Na 2015 walikuwa na Quinn Cook mwaka wa nne. Ndiyo maana nasimama na Mama Yusra kwa Foster. Mwaka wa tatu wake sasa, ameanza, ametolewa, na hajakimbilia kuhama. Mtu kama huyo unampa mpira.

Mtoto wa Chumbageni
Wakuu habari ndo hii, Coward kabaki kwenye drafti. Haji Duke.

Kikosi changu kipya: Foster, Evans, Sarr, Cameron Boozer, Ngongba. Cayden anaingia wa kwanza kutoka benchi, Brown dakika za mwisho kama alivyosema Mama Yusra. Khamenia sijui nimweke wapi, ana futi sita na inchi nane na anapasia kama gadi.

Upanga Don Bosco
Ngongba sawa, mpeni muda. Akishika ribaundi nne mechi ya kwanza nisisikie mtu anamwita Thabeet.

Binti Bor
Wala Maluach.