Mrejesho: mchoro wangu wa tatuu ulionakiliwa

Wakuu, niliwauliza nifanye nini baada ya mchora tatuu mwenzangu hapa Dar kunakili mchoro wa twiga na mbuyu niliomtungia mteja mmoja tu. Mlioniambia niende COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, asanteni sana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda mchoro hata kama haujasajiliwa. Wazo la twiga ni la kila mtu. Lakini ile mistari, jinsi shingo inavyojizungusha kwenye shina, ni kazi yangu. Nilimpelekea jamaa rasimu zangu zenye tarehe. Amefuta picha zote na amekubali kutouchora tena. Fidia amekataa, na hilo bado linaniuma. Yule aliyechorwa nakala simdai chochote, mwili ni wake.