Watu wamepunguzwa, waliobaki wamenyamaza: kiongozi aanzie wapi?

Mshika_Zamu

Wadau, salamu. Naomba mchango wenu, hasa mlio karibu na mambo ya utumishi na usimamizi.

Hali yenyewe ni hii. Kitengo kilikuwa na watu 40. Mapato yameshuka, watu 9 wamepunguzwa, na 31 waliobaki mishahara yao haitapanda kwa mwaka mzima. Kazi ni ile ile. Hii ni wiki ya tatu. Kikaoni kiongozi akiuliza "kuna swali?" hakuna anayefungua mdomo. Watu wakishatoka ndipo mazungumzo yenyewe yanaanza, koridoni na kwenye kundi la simu ambalo yeye hayumo. Wafanyakazi wawili hodari wameanza kuomba ruhusa za nusu siku, na kila mtu anajua maana yake.

Mezani kuna mapendekezo ya siku ya michezo, fulana zenye kaulimbiu na mzungumzaji wa kuja kuhamasisha. Fedha kidogo ya kufanya hivyo ipo. Je, huko ndiko kwa kuanzia? Na kama siko, ni hatua zipi, kwa mpangilio upi?

---

Dawati_la_Utumishi

Ndugu Mshika_Zamu, hiyo fedha iwekeni kwanza. Aliyemwona mwenzake akifungasha vitu vyake wiki tatu zilizopita, akipewa fulana leo atapiga hesabu ya fulana 31 na kuuliza ni mshahara wa nani huo. Sherehe si mbaya, ila wakati wake bado.

Ukimya huo una sababu. Baada ya watu kupunguzwa, kila aliyebaki ana maswali matatu: je, mimi ndiye nifuataye? Waliondolewa kwa haki? Kazi yao ataifanya nani? Hakuna atakayeyauliza mbele za watu 30, kwa kuwa anahisi anayeuliza ndiye anayejiandikisha kwenye orodha ijayo. Kwa hiyo "kuna swali?" ifutwe kwa sasa. Siku mbili kabla ya kikao, mmoja wao wanayemwamini (asiwe mtu wa utumishi) akusanye maswali kwenye karatasi zisizo na majina. Kiongozi ayasome yote kwa sauti, hata yale makali, bila kulainisha maneno. Akiruka moja tu, aliyeliandika atajua, na jioni hiyo wote watajua.

Msiwakusanye wote 31 pamoja. Gaweni makundi manne ya watu saba au wanane, vikao vyote vifanyike siku moja ili maelezo yasibadilike njiani. Kila kikao kiwe cha dakika 60 hadi 90, na angalau nusu ya muda iwe ya maswali. Muda huo una uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1990 mtafiti Jerald Greenberg alichapisha matokeo ya kampuni moja iliyopunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa wiki 10. Katika kiwanda kimoja mkuu wa kampuni alieleza kwa kirefu, kama dakika 90, kwa takwimu na majuto ya kweli. Katika kingine wafanyakazi walipewa maelezo ya robo saa. Kiwanda cha tatu hakikuguswa. Wizi wa mali ya kampuni uliongezeka katika viwanda vyote viwili vilivyopunguziwa, lakini uliongezeka zaidi sana pale palipotolewa maelezo ya robo saa. Punguzo lilikuwa lile lile. Tofauti ilikuwa namna lilivyoelezwa.

Maelezo yenyewe yawe na sehemu tatu: tunachojua, tusichokijua bado, na tarehe tutakayojua. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayompa mtu usingizi. Asiahidi kabisa kwamba "hakuna mwingine atakayeondoka" ikiwa uamuzi huo hauko mikononi mwake. Akivunja ahadi hiyo mara moja, hata akisema kweli baadaye hatasadikika. Badala yake aseme: bajeti iliyopo inatutosha hadi mwisho wa robo hii, siku fulani tutaangalia mapato, yakiwa chini ya kiasi hiki, tutaanza kukata safari, kisha mikataba ya nje, na watu watakuwa wa mwisho. Mtu akijua mpangilio huo anaweza kupanga maisha yake.

Baada ya hapo, siku moja ya wiki, saa ile ile, taarifa fupi itoke, hata kama hakuna jambo. "Tangu Jumanne iliyopita hakuna kilichobadilika" nayo ni taarifa. Wiki ambayo haikutoka ndiyo wiki ambayo tetesi huzaliana.

---

Fundi_Ratiba

Naunga mkono, lakini naona mnazungumzia maneno tu. Kinachoua ari mwezi wa pili ni mzigo wa kazi.

Pigeni hesabu waziwazi. Watu 9 kwa saa 40 ni saa 360 za kazi kila wiki. Ukizigawa kwa 31, kila mmoja anaongezewa saa 11 na nusu hivi, yaani karibu siku moja na nusu juu ya kazi yake. Haibebeki, na kila mtu anajua haibebeki. Kiongozi akisema "tujitahidi, tutafika" bila kuigusa hesabu hiyo, anawaambia kwamba haioni au haijali.

Andikeni kila kazi iliyokuwa ikifanywa na wale tisa: inafanyika mara ngapi, inakula saa ngapi, na nani ataumia ikisimama. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ya kuamulia. Mtaona ripoti ambazo hakuna anayezisoma. Acheni kuzituma wiki mbili mwone nani ataziulizia (zinazotakiwa kisheria, za usalama na za fedha msizifanyie jaribio hilo). Mtaona idhini zinazopita kwa watu wanne ilhali wawili wanatosha. Vikao navyo: kikao cha saa moja chenye watu 12 ni saa 12 za kazi, mara nne kwa mwezi ni 48. Kazi iliyobaki ndiyo igawanywe.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Orodha ya kazi zinazoachwa lazima isainiwe na kiongozi mwenyewe na ipelekwe kwa wanaozipokea. Mfanyakazi wa chini hawezi kuthubutu kuacha ripoti iliyoagizwa na mkubwa, hata aambiwe "tumieni busara". Ataifanya usiku, nyumbani, kimyakimya.

Kosa jingine ni kumpa kazi yule anayeziweza. Hodari hakatai, basi anaongezewa, anaongezewa tena, mpaka siku anayoleta barua ya kuacha kazi. Ndio hao wawili wa nusu siku. Kila jukumu la ziada liwe na maandishi, jina la aliyepewa, na tarehe ya kuisha, tuseme wiki 8, ambayo ikifika litapitiwa upya. Jukumu la muda lisilo na tarehe ya mwisho ni la kudumu.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililopitishwa mwaka 2019, limeeleza uchovu wa kazi kwa dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na ufanisi kupungua. Haliuhesabu kuwa ugonjwa. Linausema ni hali itokanayo na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Chanzo kikiwa kazini, huwezi kumtibu mtu kwa semina ya kupumua kisha umrudishe kwenye saa zile zile 51.

---

Kalamu_Nyekundu

Karatasi zisizo na majina nakubaliana nazo, lakini kwa miezi miwili hivi. Zikiwa za kudumu zinafundisha kwamba jina ni hatari. Mnakotaka kufika ni mahali ambapo mtu anasema jambo baya kwa jina lake na kesho yuko salama.

Mfano unaojulikana ni wa Ford. Alan Mulally alichukua uongozi mwaka 2006, kampuni ikiwa inaelekea kwenye hasara ya mabilioni ya dola mwaka huo. Kila Alhamisi wakuu wa idara walileta hali ya kazi zao kwa rangi: kijani (mambo sawa), njano (tahadhari), nyekundu (kuna tatizo). Wiki baada ya wiki ilikuwa kijani kitupu, ilhali kampuni inazama. Siku Mark Fields, mmoja wa wakuu hao, alipoonyesha nyekundu kuhusu gari lililokuwa na hitilafu kabla ya kutoka kiwandani, chumba kilinyamaza wakingoja afukuzwe. Mulally alipiga makofi, akauliza nani anaweza kumsaidia. Muda si mrefu rangi za kweli zikaanza kuonekana.

Mtafiti Amy Edmondson naye, katika utafiti wake wa makosa ya dawa hospitalini miaka ya 1990, aligundua kwamba timu zenye uongozi mzuri ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba huko watu waliyasema. Kwa hiyo kitengo kilichopoteza watu 9 kikileta taarifa isiyo na tatizo hata moja, kiongozi ashtuke.

Yote yanaamuliwa na sekunde chache za kwanza baada ya habari mbaya kutajwa. Maswali ya kwanza yawe: umeiona lini, imefika wapi, unahitaji nini. "Nani amefanya?" isubiri. Uso nao unasikika. Kiongozi akikunja uso huku akisema asante, watu wanachukua uso. Hii haina maana ya kulea uzembe. Aliyeteleza kwa uchovu anasaidiwa, aliyekata njia kwa sababu muda haukutosha anaulizwa muda ulikwenda wapi, na aliyeficha kwa makusudi anawajibishwa.

Na yule mchapakazi anayetukana wenzake, ambaye wakati wa shida kila bosi anamvumilia kwa kuwa "hatuwezi kumkosa": aitwe faragha ndani ya siku mbili, atajiwe maneno aliyoyasema na siku, aelezwe kinachotakiwa kubadilika na lini kitaangaliwa. Wengine 30 wanapima thamani yao kwa jinsi anavyoachwa.

---

Mshika_Zamu

Ahsanteni sana, haya ni mambo ya kufanyia kazi. Nina mawili yaliyobaki. Kwanza, kiongozi wa kati anaposhikwa pande mbili: amekatazwa na wakubwa kusema jambo, na walio chini yake wanauliza jambo hilo hilo. Pili, fedha ya mishahara haipo. Awape nini?

---

Dawati_la_Utumishi

La kwanza: kuna tofauti kubwa kati ya "sijaruhusiwa kulizungumza hilo hadi tarehe 15" na "hakuna kitu kama hicho". La kwanza ni kweli na linaheshimika. La pili ni uongo wenye muda wa kuisha. Kabla hajafika mbele ya watu wake, aende juu akapatane kwa maandishi ni nini kinaruhusiwa kusemwa na lini kingine kitaruhusiwa. Wasimamizi wa zamu waambiwe saa chache kabla ya wengine, na wapewe majibu ya maswali magumu kumi. Mfanyakazi humwendea msimamizi wake kwanza, na msimamizi anayejibu "hata mimi nimesikia kama wewe" anaharibu yote.

La pili: aanze na kujikata mwenyewe. Barry-Wehmiller, kampuni ya viwanda ya Marekani, ilipopoteza oda nyingi mwaka 2009 haikufukuza watu; kila mtu, kuanzia juu, alichukua wiki nne za likizo bila malipo, na baadhi waliokuwa na uwezo walijitwika wiki za wenzao. Kwenu watu wameshaondoka, lakini swali ni lile lile: wakubwa wametoa nini? Kama posho na safari zao ziko pale pale, hakuna hotuba itakayofaa.

Kisha malipo ya mwisho ya wale tisa yatoke kwa wakati, barua zao za utambulisho ziwe tayari, na majina yao yasigeuzwe mwiko. Waliobaki bado wanazungumza nao kila jioni.

Bila fedha kuna vitu vyenye thamani: ratiba ya zamu kutoka wiki tatu kabla, hiari ya kubadilishana zamu bila kuomba idhini mbili, siku moja ya asubuhi isiyo na vikao. Na aongee na kila mtu peke yake. Dakika 20 kwa watu 31 ni saa kumi na dakika 20. Kwa siku 10 za kazi ni saa moja hivi kwa siku. Maswali mawili yanatosha: ni kitu gani kinakula muda wako bila faida, na ni nini kingekufanya uondoke. Ndani ya siku tano atimize angalau jambo moja dogo kwa kila aliyeongea naye, la sivyo bora asingeuliza. Aanze na hao wawili, asiwatajie ruhusa zao.

---

Fundi_Ratiba

Nyongeza fupi kuhusu kupima. Dodoso la maswali 60 lisije. Maswali matatu kila wiki mbili: mzigo wako unabebeka? Ukisema tatizo linasikilizwa? Unajua kitakachotokea mwezi ujao? Alama 1 hadi 5, matokeo yabandikwe ndani ya siku tatu, hata yakiwa mabaya. Msiyagawe kwa zamu yenye watu wasiofika watano, watajulikana. Angalieni pia mambo yasiyohitaji dodoso: kutofika kazini kwa ghafla, na idadi ya maswali yanayoulizwa kikaoni kwa mdomo. Swali la kwanza kuulizwa kwa jina likitokea, kiongozi ajibu swali lote, hata kama muda wa kikao umekwisha.

Ile fedha ya fulana, waulizeni wao. Huenda wakataka viti vya chumba cha zamu ya usiku.