Tupeane uzoefu: kujipima VVU nyumbani, na woga usioisha baada ya majibu

Mwanzisha mada, Iringa
Kamwene wakuu. Tunaohudumia wanaojipima VVU nyumbani, tuandike tunachokijua kikazi: kipimo kinaharibikia wapi, na kwa nini mwenye majibu hasi mara tatu bado hapati usingizi.

Duka la dawa, Mbeya
Nazungumzia OraQuick, ile ya fizi. Usile wala kunywa kitu dakika 15 kabla. Ukiwa umepiga mswaki, subiri 30. Fungua kichupa bila kumwaga hata tone, kisimamishe kwenye kishikio chake. Pedi ya kijiti haishikwi kwa vidole. Ipitishe ufizi wa juu mara moja, mwanzo hadi mwisho, kisha wa chini mara moja. Ulimi na shavu achana navyo, kinachotafutwa ni kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya virusi, zilizo kwenye majimaji ya fizi. Tumbukiza kijiti kwenye kichupa, tazama saa.

Kidirisha kitageuka waridi. Hapo wengi hushtuka bure, ni dawa inapanda tu. Soma kati ya dakika 20 na 40. Mstari kwenye C peke yake ni hasi. Mistari kwenye C na T, hata wa T ukiwa hafifu kama kivuli, nenda kituoni ukathibitishwe kwa damu. Bila mstari wa C, kipimo kimeharibika. Na tafadhali, msikifukue kesho yake kwenye taka mkakimulika kwa tochi ya simu. Dakika 40 zikipita hakisomwi tena.

Mhudumu wa afya, Makete
Mmesahau baridi! Kipimo hicho hufanyika kwenye nyuzijoto 15 hadi 37. Usiku wa Juni huku chumba hushuka chini ya hapo. Acha boksi likiwa limefungwa kwenye chumba chenye joto kwanza, ila usilibandike karibu na jiko la mkaa.

Mshauri nasaha, Njombe
Wenye woga huja na swali moja: "Na kama kimekosea?" Wajibiwe kwa ukweli. Kwenye majaribio ya Marekani kabla ya kipimo kuidhinishwa kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2012, karibu mtu 1 kati ya 12 wenye virusi alipata hasi. Kwa hiyo hesabu siku 90 tangu tukio la mwisho la kuhofia maambukizi, kisha pima damu kituoni mara moja. Jibu likiwa hasi na hakuna tukio jipya, boksi la nne halitaongeza kitu.

Kinachobaki hapo ni wasiwasi, nao una tiba yake. Mwenye nao hubonyeza tezi za shingo mara 30 kwa siku mpaka zinauma, kisha maumivu hayo anayaita dalili. Tunaanza na hilo: mkono utoke shingoni, kioo cha kukagulia ulimi kiwekwe kando, na hamu ya kupima icheleweshwe kwa saa moja, kesho mbili. Ikigoma, aonane na daktari wa afya ya akili.

Duka la dawa, Mbeya
Nyongeza: aliye kwenye dawa za kufubaza virusi (ARV) asijipime ili "kuona kama amepona". Kipimo kinaweza kusema hasi virusi vikiwa bado mwilini. Na tukio likiwa la jana, acha boksi, wahi kituoni: dawa kinga (PEP), za kuzuia maambukizi baada ya tukio, huanzwa ndani ya saa 72, kisha humezwa siku 28.