Gemu za kujenga mji: ipi inakupa shughuli ya kweli ya umeme na maji?

Chalii wa Sakina (Arusha)
Wakuu, heshima kwenu. Nina laptopu ya RAM GB 8, haina kadi ya grafiki ya peke yake. Natafuta gemu moja ya kujenga mji ya kucheza wikiendi. Sitaki ya kupanga maghorofa na kupiga picha, nataka ile ambayo umeme na maji ndivyo vinakutoa jasho. Nimebaki na nne: SimCity 4, Cities: Skylines ya 2015, Cities: Skylines II, na Workers & Resources: Soviet Republic. Bando langu haliwezi kushusha zote nikajaribu. Mliozicheza nipeni tofauti. Nawasilisha.

Meku wa Rau (Moshi)
Kijana, Skylines II iondoe mapema tusipoteze muda. Ilipotoka Oktoba 2023 watengenezaji wenyewe waliandika kima cha chini kadi ya grafiki ya GTX 970, na wakapendekeza RTX 3080. Kwa mashine yako feni italia mpaka jirani aulize kama umefungua mashine ya kukoboa.

Mama Njiro
Meku, shikamoo. Kwa mashine yake uko sahihi, ila msiiseme gemu vibaya. Kwa upande wa umeme ndiyo iliyonifundisha msongo wa umeme, yaani volti. Mtambo unatoa msongo mkubwa, unausafirisha mpaka kituo cha transfoma, hapo unashushwa na kuingia barabarani. Barabara zenyewe zimeshabeba nyaya, bomba la maji na la majitaka. Ukizidiwa unanunua umeme nje ya ramani, na ukiwa na ziada unauza. Sioni raha ya kuchimbia bomba kila mtaa.

Fundi Bomba Pasua
Mama Njiro, raha yenyewe ni hiyo hiyo waliyoiondoa!

Chalii, mimi kazi yangu ni mabomba, hapa hapa Moshi. Chemchemi kama Nsere na Shiri ziko juu, mji uko chini, maji yanateremka kwa uzito wake. Wazee wetu walichimba mifongo, ile mifereji ya maji ya mlimani, kwa akili hiyo hiyo kabla hata bomba halijafika huku. Sasa fungua Skylines ya 2015: weka pampu bondeni, jenga nyumba kileleni, vuta bomba. Maji yanafika vile vile kama nyumba iko tambarare! Mlima kwao ni pambo tu.

Soviet Republic haikubali huo mchezo. Mwinuko unahesabika, kwa hiyo unachagua mahali pa kisima na mahali pa tangi ukiangalia ardhi, na panapopanda unaongeza pampu. Majitaka nayo yanataka mteremko. Maji ya kisima yana asilimia ya ubora, ukitaka kuipandisha unajenga kituo cha kusafisha, na kituo kinakula kemikali ambazo lazima uzinunue au uzizalishe. Mtaa ambao haujafikiwa na bomba unaupelekea maji kwa boza, na majitaka unayanyonya kwa gari. Nilipoona boza linaingia mtaani nikacheka peke yangu.

Chalii wa Sakina
Fundi, umenimaliza. Je, kwa mtu anayeanza?

Fundi Bomba Pasua
Ni ngumu, sikufichi. Lakini mwanzoni kuna mipangilio, unaweza kuuzima mfumo wa maji ukajifunza umeme kwanza. Umeme wake nao una ngazi: msongo mkubwa, transfoma, halafu vituo vidogo vya kugawa majumbani. Ukiwa huna mtambo unanunua ng'ambo ya mpaka, upande mmoja kwa ruble, upande wa pili kwa dola.

Kijenge Juu
Hilo la kununua ng'ambo watu wanaliona la gemu tu. Machi 2025 Rais Samia alikuwa Kilimanjaro kwenye mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, akaeleza kwamba kanda ya kaskazini itapata umeme wa Ethiopia, kwa sababu ukisafirishwa kutoka mitambo ya kusini mwingi unapotea njiani. Na mradi wenyewe wa maji unachota Nyumba ya Mungu, bwawa ambalo pia lina mtambo wa umeme wa megawati 8. Bwawa moja linadaiwa maji ya kunywa na umeme kwa pamoja. Gemu ngapi zinakupa huo mgogoro?

Mama Njiro
Timberborn inakupa, ingawa wakazi wake ni wanyama wale wa kukata miti kwa meno. Gurudumu la kuendeshea mashine linazungushwa na mto, kiangazi kikija mto unakauka na gurudumu linasimama. Ukiziba maji yote juu upate ya kunywa, wa chini wanakosa nguvu ya kuendeshea mashine zao.

Dada wa Sekei
Mnamjaza kijana gemu za nje ya orodha. Kwa mashine hiyo na kwa swali aliloliuliza, jibu ni Skylines ya 2015. Fundi ana haki kwenye mlima, lakini mto wa gemu hiyo ni mto kweli, maji yanatiririka na uchafu unasafiri nayo. Ukiweka bomba la kumwaga majitaka upande wa juu wa mto kuliko pampu, mji mzima unaumwa. Hilo kila mtu anaambiwa siku ya kwanza. Asiloambiwa ni kwamba hata ukiweka pampu juu na majitaka chini, ukirundika pampu nyingi kwenye mto mwembamba zinavuta mpaka maji yanageuza mwelekeo, na ule uchafu wa chini unapanda kukufuata. Unaona rangi ya kahawia inakuja taratibu dhidi ya mkondo. Dawa ni kutawanya pampu, au kuongeza minara ya maji inayonyonya ardhini, mbali na viwanda, kwa sababu ardhi ikichafuka mnara nao unatoa maji machafu.

Kwenye umeme, mtego uko hapa: mtambo wa makaa unaletewa makaa kwa malori. Foleni ikiziba njia, makaa hayafiki, umeme unapungua, pampu zinasimama, watu wanahama, kodi inashuka, na huna hela ya kujenga mtambo mwingine. Kwa hiyo pampu zipe mtambo wao wa upepo kando, usiuunganishe na mji. Ziache mbali na nyumba pia, maana majengo yakikaribiana yanapitishiana umeme na ule utengano wako unakufa.

Meku wa Rau
Hilo la pampu kuwa na mtambo wao nimelipenda. Naenda kulijaribu.

Mzee wa Diski (Moshi)
Hakuna aliyetetea SimCity 4, ya 2003? Ilipotoka ilidai RAM ya MB 128 tu, kwa hiyo laptopu ya Chalii haitaisikia. Mtambo unazeeka. Ukiulazimisha ubebe mzigo kupita uwezo unachakaa haraka na mwisho unalipuka, na ukibana bajeti ya matengenezo uzalishaji unashuka. Mji mmoja unauzia mji jirani maji na umeme kwa mkataba. Ile SimCity ya 2013 msimtajie, ilianza kwa kudai intaneti muda wote.

Kijenge Juu
Mzee, kwenye uchakavu umewapiga bao wote. Mimi lalamiko langu ni moja: ukiacha Soviet Republic yenye asilimia yake ya ubora, gemu hizi maji ya ardhini ni safi mpaka binadamu ayachafue. Hapa Arusha maji ya miamba ya Meru yanakuja na floridi yake, hakuna kiwanda kilichoitia, na meno ya watu yanaonyesha. Ningependa gemu ambayo kisima kinatoa maji tele na bado huwezi kuwapa watoto bila kuyachanganya na ya chanzo kingine.

Chalii wa Sakina
Asanteni wakuu. Naanza na Skylines ya 2015, Soviet Republic nitaifuata nikizoea. Mzee wa Diski usinune, SimCity 4 ni nyepesi, nayo nitaishusha. Dada wa Sekei, bwawa la umeme kwenye Skylines lina faida au mbwembwe?

Dada wa Sekei
Lina faida ukichagua korongo jembamba lenye mto wa kutosha. Ila likianza kujaa, mto wa chini unapungua, na kama pampu zako ziko huko zitakauka. Juu nako maji yanapanda, yanaweza kuingia mitaani. Kabla ya kujenga, hamisha pampu zikae upande wa juu wa bwawa, kisha angalia nyumba za bondeni. Na usevu kwanza.