Ushauri: nataka kukarabati choo na bafu la masta kwa milioni 2.5, nianzie wapi?

MamaKibada

Wakuu, habari za jioni. Nina choo na bafu la masta, futi 5 kwa futi 7, nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa, huku Kigamboni. Maji yanatuama kwenye kona ya kuogea badala ya kwenda kwenye tundu, harufu inapanda hasa asubuhi, na ukuta tunaochangia na chumba cha kulala unavimba rangi na kutoa unga mweupe kuanzia usawa wa magoti kushuka chini. Maji yanatoka kwenye simtanki iliyo juu ya mnara wa mita 3. Bajeti ni milioni 2.5, ufundi na vifaa vyote humo humo.

Fundi wa kwanza anasema abomoe kila kitu na choo kihamie ukuta wa pili, ipatikane nafasi ya kuweka kioo cha kuogea (ukuta wa kioo wa kuzuia maji). Wa pili anasema tusibomoe, abandike vigae vipya juu ya vya zamani, siku nne kazi imekwisha. Mimi natamani pia ile shawa pana ya kwenye dari na hita ya umeme. Nimsikilize nani?

PimaMaji

Mama, kabla hujamsikiliza fundi yeyote, jua kwanza maji yanatokea wapi. Ukuta unaovimba unaweza kuwa na sababu tatu na kila moja ina gharama yake: bomba la maji safi lililopasuka ndani ya ukuta, sakafu ya bafu inayopitisha maji, au unyevu unaopanda kutoka msingini. Hii ya tatu huwa inaonekana hata kwenye kuta zisizopakana na bafu, kwa hiyo zungukia vyumba vingine utazame usawa ule ule.

Bomba unalipima usiku. Funga maji yanayoingia kwenye tanki, weka alama ya kina cha maji, watu wasitumie maji mpaka asubuhi. Kina kikishuka, kuna bomba linavuja, au ni choo kinachotiririka kimya kimya, hivyo funga na koki ya choo ili usije ukakisingizia ukuta. Sakafu unaipima kwa kuziba tundu la bafu na kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, unajaza maji sentimita 2, unapiga mstari wa penseli ukutani na kusubiri saa 6. Kupungua milimita moja ni kukauka kwa kawaida. Kupungua sentimita ni kuvuja.

Kuhusu hao mafundi, nakushauri usimfuate yeyote kati yao. Vigae juu ya vigae haviondoi kutuama kwa maji, kwa sababu mteremko mbovu uko chini na vigae vipya vitaufuata vilevile. Pia sakafu inapanda karibu sentimita 1.5, mlango unakwaruza, na maji ya bafuni yanakuwa juu ya sakafu ya chumba. Kuhamisha choo nako kunamaanisha kufukua bomba la inchi 4, na bomba hilo linahitaji kushuka walau sentimita 1.25 kwa kila mita, bora 2.5. Ukilisogeza ukuta wa pili huku chemba imebaki pale pale, mara nyingi unakosa mteremko wa kutosha au unalazimika kuchimba chemba nyingine. Hapo milioni 2.5 inaisha kabla hujanunua kigae kimoja.

Acha choo mahali pake. Bomoa sakafu yote na kuta za eneo la kuogea tu.

BombaKuu

Naunga mkono hapo juu. Naongeza la harufu.

Inua kile kichujio cha tundu la bafu umulike na tochi. Unatakiwa uone maji yamesimama, na kina cha maji yanayoziba hewa kisipungue sentimita 5. Ukiona bomba kavu linaloshuka moja kwa moja, basi hakuna trapu kabisa (kipande cha bomba kinachobaki na maji ili kuzuia harufu), waliweka elbo, yaani kona ya bomba, wakafunika na wavu. Kama kuna trapu ya kengele (yenye kifuniko cha umbo la kengele ndani), angalia kama kengele yenyewe ipo. Watu huitoa wakati wa kusafisha nywele, wasiirudishe, na tangu hapo harufu na mende vinapita bila kizuizi.

Kama maji yapo lakini asubuhi yamepungua, flashi choo huku mwenzio anasikiliza kwenye tundu la bafu. Likitoa sauti ya kugugumia, choo kinanyonya maji ya trapu kwa kukosa bomba la hewa. Dawa yake ni bomba la inchi 2 linalounganishwa na njia ya maji taka na kupanda mpaka juu ya paa. Ni kazi ndogo ikifanywa wakati sakafu imefunguliwa, na ni usumbufu mkubwa ikiachwa mpaka vigae vimeshawekwa.

Shawa ya dari uisahau kwa mnara huo. Kila mita 1 ya kimo inakupa msukumo wa bar 0.1. Tanki lina kitako mita 3, kichwa cha shawa kiko mita 2, unabaki na mita 1 pamoja na kimo cha maji yaliyomo ndani ya tanki. Shawa pana itadondosha matone. Chukua kichwa kidogo cha kawaida, na ukinunua miksa (koki ya kuchanganya maji ya moto na baridi) muulize muuza duka kama inafanya kazi kwa maji ya tanki bila pampu.

MamaKibada

Asanteni sana. Nimefanya vipimo vyote viwili. Tanki halikushuka. Bafuni maji yameshuka zaidi ya sentimita 1 chini ya mstari, na kuta za vyumba vingine ni kavu. Kwenye tundu hakuna trapu, ni bomba tupu. Sasa naomba mnisaidie idadi ya vifaa, nisije nikapigwa.

PimaMaji

Basi umeokoa hela nyingi, mama. Mabomba ya maji safi yaache kama yalivyo, tatizo ni sakafu na trapu.

Sakafu yako ni kama mita 1.5 kwa 2.1, yaani mita za mraba 3.15. Tabaka jipya la kutengeneza mteremko, wastani wa unene sentimita 5, linakula mifuko 2 ya simenti na ndoo kama 10 za mchanga, kwa uwiano wa 1 kwa 4. Mchanga uwe wa mto, uliochekechwa, usio na chumvi. Mchanga wa ufukweni usiuguse, chumvi yake itarudi ukutani kama huo unga unaouona sasa.

Eneo la kuogea lishuke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Tundu likiwa kona moja, kona ya mbali itakuwa juu kwa takriban sentimita 3.5. Simama hapo fundi anapopiga rula, mwambie akuoneshe kwa pima maji na kwa kumwaga kikombe cha maji, tabaka likishakauka. Sakafu nzima iishie chini ya ile ya chumbani kwa sentimita 2.

Dawa ya kuzuia maji nunua ile ya sehemu mbili, unga na kimiminika kama maziwa, inapakwa kwa brashi. Mikono miwili, yaani ipakwe mara mbili, wa pili upite kukata wa kwanza, na kwenye pembe zote za ukuta na sakafu ulazwe utepe wa wavu kati ya mkono na mkono. Ipande ukutani sentimita 20 pande zote, na kwenye eneo la kuogea ifike mita 2. Sehemu inayosahaulika sana ni kuzunguka shingo ya trapu, dawa lazima ishike plastiki yenyewe, na plastiki hiyo isuguliwe kwanza kwa msasa.

Ikikauka kwa muda ulioandikwa kwenye mfuko, ziba tundu ujaze maji tena, saa 24. Kigae kisiwekwe kabla ya kipimo hicho kupita. Mwambie fundi kabisa kwamba sehemu ya malipo yake imefungwa hapo.

Thelathini_kwa_Sitini

Vigae sasa. Ukipandisha kuta zote mpaka mita 2.1 unahitaji kama mita za mraba 13.7. Ukipandisha eneo la kuogea tu mpaka 2.1 na sehemu iliyobaki mpaka 1.2, zinashuka kuwa 10.8. Ongeza asilimia 10 ya vipande vya kukata, zinakuwa 12. Boksi la vigae vya sentimita 30 kwa 60 lenye vipande 8 ni mita za mraba 1.44, kwa hiyo boksi 9. Sakafuni nunua mita za mraba 3.5, ukubwa 30 kwa 30, uso wenye mkwaruzo. Vya 60 kwa 60 ni vigumu kuvilaza kwenye mteremko wa bafu, fundi ataishia kuvikata vipande vya pembetatu.

Vile vya zamani vya upande wa choo, vigonge na mpini wa bisibisi. Vikitoa sauti nzito ya kujaa, viache ukutani, hapo unapunguza boksi nyingine tatu. Vikilia kama debe tupu, vitoke.

Chukua vya kiwanda cha ndani, Chalinze na Mkuranga wanatoa vigae vizuri tu kwa kazi hii. Muhimu namba ya rangi iliyochapwa kwenye boksi ifanane boksi zote. Gundi, hesabu kilo 4 kwa mita ya mraba: kwa jumla ya mita 14 za kuta na sakafu ni mifuko 3 ya kilo 20.

Usikubali uji wa simenti kwa vigae vya poseleni. Haviufyonzi, vinaachia baada ya muda. Na usikubali madonge matano nyuma ya kigae: katikati panabaki tupu, maji yanakaa humo, na siku kitu kizito kikidondoka kigae kinapasuka. Gundi ichanwe kwa mwiko wa meno. Ukutani aanze mstari wa pili juu ya ubao ulionyooka, alaze sakafu, kisha arudi kwenye mstari wa chini. Hivyo kigae cha ukuta kinakalia cha sakafu na maji hayapenyi kwenye kiungo. Pembe ya ukuta na sakafu iwe silikoni, siyo grauti (ya kujaza nafasi kati ya vigae), maana grauti ya hapo hupasuka.

NyayaSita

Hita ya shawa ya kilowati 5.5 inavuta takriban ampia 24. Waya wa milimita za mraba 2.5 unaotumika kwenye soketi hautoshi kabisa, utachemka. Vuta waya wa milimita za mraba 6 moja kwa moja kutoka kwenye bodi, breka ya ampia 32 ya peke yake, na RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja) ya miliampia 30. Ethi iwe ya kweli, ipimwe. Swichi ikae nje ya bafu. Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), hapa usibane hela. Kama bajeti haifiki, mwambie apitishe bomba la waya ukutani sasa kabla ya lipu, hita utanunua baadaye.

Kama tanki lako ni la maji ya kisima chenye chumvi, nunua hita iliyoandikwa kuwa inahimili maji hayo. Ya kawaida kipashio chake kinaliwa haraka.

MamaKibada

Nimeelewa. Kioo cha kuogea nakiacha, nitaweka pazia. Nikitoa laki 3 ya dharura, iliyobaki inatosha? Na ukuta wa chumbani je?

PimaMaji

Inatosha ukiacha kioo na ukiacha choo kilipo. Laki 3 usiiguse mpaka sakafu imefunguliwa, kwa sababu hapo ndipo mambo yaliyofichika huonekana.

Ukuta wa chumbani chokonoa lipu mpaka sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, uache wazi wiki kadhaa ukauke, upige lipu mpya. Usipake rangi ya mafuta, inafungia unyevu ndani.

BombaKuu

Choo: kama sinki lako la kukaa ni zima, lirudishe hilo hilo. Ukinunua jipya, pima kwanza. Linalotokea chini, ambalo madukani huitwa S, linataka umbali kutoka ukuta uliokwisha vigae mpaka katikati ya bomba, mengi ni sentimita 30 au 25. Linalotokea nyuma, P, linataka kimo cha sentimita 18 kutoka sakafu iliyokwisha. Kigae na gundi vinakula kama sentimita 1.5, ndiyo maana kipimo kilichochukuliwa kwenye ukuta mtupu humpotosha mnunuzi.

Kiungo kiwe cha pete ya mpira, na sinki lifungwe kwa skrubu na plagi za plastiki za kushikia skrubu. Kabla fundi hajatoboa, jua dawa ya kuzuia maji iko chini: kila tundu lijazwe silikoni ndipo skrubu iingie. Asilisimike kwa simenti, siku ya kulitoa utalivunja. Piga silikoni kuzunguka kitako, ila acha wazi sentimita 5 upande wa nyuma. Pete ikilegea maji yatatokea hapo na utayaona, badala ya kusambaa chini ya vigae.