Manowari ya kwanza ya plastiki: nyambizi, destroya, au nianze na Bismarck moja kwa moja?

Nanga_Mpya (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam kwenu. Magari na ndege za plastiki nimeshaunda, meli sijagusa hata moja. Sasa nimepania manowari, na nimekwama njia panda:

A. Bismarck, ile manowari kubwa ya Kijerumani, skeli 1/350 (yaani ndogo mara 350 kuliko meli halisi). Ikikamilika ina sm 72 hivi.
B. Bismarck hiyohiyo kwa 1/700, sm 36.
C. Destroya (manowari ndogo yenye kasi) ya Marekani ya daraja la Fletcher, 1/350, sm 33.
D. Nyambizi ya Kijerumani Type VIIC, 1/144, sm 47.

Moyo uko kwenye A, sifichi. Vifaa nilivyonavyo ni koleo la kukatia, kisu cha kubadilisha wembe, msasa, kibano, brashi na rangi za kopo za kupuliza. Mashine ya kupulizia rangi sina. Nilinganishieni kwa ukweli, na lile jibu la "anza na unachokipenda" naomba mliweke pembeni.

Shetri

Karibu chamani, mkuu. Wengi huanza na swali la skeli kwa sababu ndiyo imeandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa, lakini kinachowaangusha watu kwenye meli ni marudio. Gari lina magurudumu manne, basi. Bismarck ina mizinga minane ya sm 38 kwenye minara minne, na hiyo ni raha tupu. Halafu inakuja 12 ya sm 15 kwenye minara sita, kisha 16 ya sm 10.5 miwilimiwili, na bado hujafika kwenye ile midogo ya kutungulia ndege. Kila mmoja una kitako chake, ngao yake, mitutu yake. Kila kipande ukikate, usugue kovu la fremu iliyokuwa inakishikilia, ukipake rangi. Ukifika katikati unaanza kuichukia meli yenyewe.

Ndiyo maana nawaambia watu kabla ya kununua watafute picha za fremu zilizomo ndani, wahesabu zinazojirudia. Na mwangalie mwaka wa meli, si jina tu. Yamato ya Japani ilipoingia kazini Desemba 1941 ilikuwa na mizinga midogo ya mm 25 ipatayo 24. Ilipozama Aprili 1945 ilikuwa nayo zaidi ya 150. Meli moja, jina moja, kazi mbili tofauti kabisa mezani.

Fletcher ina mizinga mitano mikubwa ya mm 127, kila mmoja kwenye mnara wake, seti mbili za mirija mitano ya topedo, na midogo kadhaa. Utaonja marudio bila kuzama humo. Kura yangu C.

MsasaLaini

Mimi D, bila kupepesa macho. Nyambizi ni nusu mbili za bodi, sitaha, mnara, rafadha, usukani, kwisha habari. Kazi kubwa inayobaki ni moja: kuunganisha zile nusu mbili mpaka mshono usionekane, na ujuzi huo utauhitaji kwenye kila meli utakayoiunda na tumbo lake lote.

Inavyofanyika: kwanza zishike nusu mbili kwa tepu bila gundi, uzitazame mbele ya taa. Ukiona mwanga unapenya, kuna kitu ndani kinazuia, kisugue. Zikikaa sawa, chukua gundi nyepesi ya majimaji, ile ya chupa yenye brashi kwenye kifuniko, uguse mshono kwa ncha tu. Gundi itakimbia yenyewe ndani ya ufa. Ruka palipo na tepu, maana ikipita chini yake itasambaa na kula uso wa plastiki. Subiri kidogo, kisha bana kwa vidole: utaona plastiki iliyoyeyuka inachomoza nje, uzi mwembamba kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). USIUFUTE. Uache mpaka kesho yake, ukwangue kwa kisu, umalizie na msasa wa maji wa 400, 600, kisha 1000. Ule uzi ni plastiki ileile ya bodi, kwa hiyo mara nyingi pati ya kuzibia nyufa huihitaji kabisa.

Rangi nazo hazina makuu: kijivu cheupe juu, kijivu kizito chini, sitaha nyeusi-nyeusi. Ukitaka kuona ya kweli ilivyo, tafuta picha za U-995 iliyohifadhiwa Laboe, Ujerumani. Ni VIIC/41, ndugu wa karibu sana wa hiyo unayoitaka.

Mlingoti_wa_Mbele

MsasaLaini kasema kweli kuhusu mshono, hapo sina ubishi. Ila nyambizi inakufundisha nyambizi. Ugumu wa meli ya juu ya maji ni mpangilio wa rangi, na huo hutaupata kwenye D.

Gari unaweza kuunda bodi nzima ndipo upulize. Meli ukibandika kila kitu kwanza, sitaha utaipaka vipi chini ya mizinga na nyuma ya bomba la moshi? Brashi haiingii. Kwa hiyo unaunda vipande vikubwa peke yake: bodi na sitaha, jengo la daraja (wanapoongozea meli), bomba la mbele, bomba la nyuma, kila mnara. Kila kimoja unakisimamisha kwenye kijiti, unakipaka, halafu ndiyo unavikutanisha. Sehemu ya kugusana usiipake, au ukwangue rangi yake, kwa sababu gundi ya plastiki inashika plastiki, haishiki rangi.

Kwa mtu wa rangi za kopo, Fletcher ni zawadi. Nyingi zilizopigana Pasifiki zilipakwa kwa mpango ulioitwa Measure 21: kila kilichosimama wima ni bluu iliyokolea, kila kilicholala ni bluu ya sitaha. Rangi mbili tu, na chini ya maji nyekundu. Ukienda Bismarck una sitaha ya mbao inayokutana na kuta za kijivu kila kona, na kila kona hiyo ni tepu.

Bi_Rafadha

Wadogo zangu, mnaipita B kana kwamba haipo. 1/700 ndiyo skeli yenye meli nyingi kuliko zote, na haikutokea kwa bahati. Mwaka 1971 watengenezaji wanne wa Shizuoka, Japani, yaani Tamiya, Hasegawa, Aoshima na Fujimi, walikubaliana kugawana meli za Japani ili wasitoe zilezile, zote kwa 1/700 na zote zikiishia kwenye mstari wa maji. Fujimi alijitoa baadaye, lakini skeli ilishaota mizizi. Faida kwa anayeanza: hakuna tumbo, hakuna mshono mrefu wa chini, hakuna rafadha, na rangi nyekundu huigusi. Unaiweka mezani imekaa kama iko baharini.

Hasara nayo niiseme. Mtu wa mita 1.75 kwenye 1/700 ana mm 2.5. Kwenye 1/350 ana mm 5, na kwenye 1/144 ana mm 12. Sasa piga picha bunduki anayoshika huyo wa mm 2.5. Ukiangusha kipande, umefunga mjadala, zulia limeshinda. Na si seti zote za 1/700 zinafanana: Flyhawk kwa mfano wana vipande vidogo mno, vizuri ajabu, lakini si vya mtu wa kwanza. Tafuta rahisi. Fujimi wana mfululizo wao wa NEXT, vipande vina rangi tayari na vinabanwa bila gundi.

Kwa hiyo 1/700 sawa, Bismarck hapana. Chukua destroya ya 1/700 yenye sm 16 au 17, uimalize, uone kama mkono na macho vinaafikiana.

Kibano

Mmesahau boti zote. Revell wana PT-109 ya 1/72, ile ya Kennedy, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, iliyozamishwa 1943. Sm 34, karibu sawa na Fletcher ya 1/350, ila kila kitu ni kikubwa, mtu ana mm 24. Muundo wa seti ni wa zamani, usitegemee uchongaji wa kisasa. Lakini mwenye mikono ya ndege atajisikia nyumbani.

Kapteni_Wino

Napingana na umati. Mwenye mada kasema moyo uko kwa A, ninyi mnampa dozi ya destroya. Meli ambayo huipendi inaishia kabatini ikiwa nusu. Bismarck ya 1/350 ina vipande vinavyoshikika kuliko B, na hakuna sheria inayosema uibandike kila kitu ndani ya mwezi. Zile mistari nyeusi na nyeupe za pembeni achana nazo: zilifunikwa kwa kijivu Mei 1941 kabla haijaingia Atlantiki, kwa hiyo ukiiunda ya safari ya mwisho hutakosea.

Shetri

Kapteni, hoja ya kabati naipokea, ila inakata pande zote mbili. Mradi mrefu sana nao unaishia hukohuko. Na hujamwambia kuhusu nafasi: sm 72 za meli inayokauka rangi zinataka meza nzima ambayo hakuna mtu mwingine nyumbani ataigusa. Hilo peke yake limeua Bismarck nyingi kuliko Waingereza.

Kapteni_Wino

😂 Hapo umenipata. Lakini kura yangu naiacha palepale.

Nanga_Mpya

Asanteni sana, mmenifungua macho, hasa hesabu ya mizinga. Nina maswali kabla sijaamua. Zile reli za ukingoni za shaba nyembamba zinazouzwa peke yake, ni lazima? Mstari kati ya nyekundu na bluu unanyooshwaje bila mashine? Na zile nyaya za mlingotini?

Shetri

Reli: si lazima, na kwa meli ya kwanza nashauri hapana. Gundi ya plastiki haishiki chuma hata kidogo, unahitaji supaglu, na supaglu haikupi muda wa kusahihisha. Kama roho haitulii, nunua reli peke yake bila yale mapambo mengine, uzipake zikiwa bado kwenye fremu yao, kisha jaribu upande mmoja wa nyuma ambapo kingo zimenyooka. Omo ina mkunjo, ndipo watu wanapolia. Ila ujue mitutu ya plastiki siku zote ni minene kupita kiasi. Mtutu wa mm 20 kwenye 1/350 ungekuwa na tundu la mm 0.06, hakuna kalibu ya plastiki inayofika huko. Ukiweka reli nyembamba sana, minene hiyo itaonekana zaidi.

Mlingoti_wa_Mbele

Mstari: funga penseli kwa tepu juu ya vitabu vilivyopangwa, kwa kimo kilekile cha mstari wa maji. Meli isimame sawasawa kwenye meza tambarare, omo na tezi kwa kimo kinachoelekezwa na michoro ya seti. Halafu zungusha vitabu, meli isitikisike. Penseli itachora mstari ulionyooka hata pale bodi inapojipinda, jambo ambalo jicho haliwezi. Puliza nyekundu kwanza ipite mstari kidogo, ikauke vizuri, weka tepu ukifuata ule mstari, kisha puliza bluu kwa tabaka jepesi jepesi. Ukimwaga rangi nzito itapenya chini ya tepu. Meli nyingi zina ukanda mweusi pale kwenye maji. Huo acha mpaka mwisho, tepu mbili sambamba.

MsasaLaini

Nyaya: usinunue kitu. Chukua kipande kirefu cha fremu iliyobaki, kizungushe juu ya mshumaa bila kukigusisha moto. Kikianza kung'aa na kulegea, kitoe motoni ndipo uvute mikono pande mbili, taratibu ukitaka nene, haraka ukitaka nyembamba. Utapata uzi wa plastiki mwembamba kama nywele. Kata mfupi zaidi kidogo ya inavyotakiwa, bandika kwa tone dogo la gundi nyeupe. Ukilegea, sogeza kijiti cha ubani kilichozimwa moto ila bado kina kaa, karibu tu, usiguse: uzi utajikaza wenyewe. Fanya mazoezi pembeni kwanza maana ukikaribia mno unakatika.

Nanga_Mpya

Basi nimeamua: C. Bismarck nitainunua nikishamaliza hii, Kapteni usininunie. Kuna picha nzuri za kufuatia?

Bi_Rafadha

Zipo tele. Zilijengwa 175 za daraja hilo, na Kidd iliyohifadhiwa Baton Rouge, Marekani, imerudishwa katika sura yake ya 1945. Nyingine zilizobaki zilibadilishwa sana baada ya vita, kwa hiyo usichanganye picha. Angalia Kidd kwa vitu vya sitahani: maboya, ngazi, makasha ya risasi. Lakini fuata mwaka wa seti yako, kwa sababu mizinga midogo iliongezwa kadiri vita vilivyoendelea.

Mlingoti_wa_Mbele

Na kabla ya kukata chochote, osha fremu zote kwa maji vuguvugu yenye sabuni kidogo, zikauke zenyewe. Kuna mafuta ya kalibu juu yake, rangi ya kopo itateleza. Angalia pia kama bodi imepinda: ilaze mezani, ikinyanyuka omo, ichovye kwenye maji ya moto, si yanayochemka, uinyooshe kwa mikono, kisha maji baridi. Mlingoti na rafadha zibandike mwisho kabisa, utazivunja kwa mkono wa shati.